Gurudumu la kabati likichomoka, usilaumu gurudumu

Ni mwisho wa mwezi. Uliita pikapu ya saa mbili asubuhi, dereva akafika saa tano, na sasa wewe na marafiki wawili mnasukuma kabati kwenye ushoroba wa ghorofa ya tatu. Kabati lina magurudumu manne, na kusema kweli hayo ndiyo yaliyokufanya ulinunue. Linateleza vizuri hadi kwenye kizingiti cha mlango. Mnasukuma, linagoma. Mnasukuma tena kwa nguvu, halafu mnasikia "kra!" Kabati limeinama upande mmoja, na gurudumu moja limebaki nyuma likiwa limelala kwenye simiti, vumbi la mbao likiwa limeganda shingoni mwake.

Dereva anapiga honi. Keateka amesimama kwenye ngazi, anaangalia ule mstari mweupe ambao chuma cha kabati kimechora kwenye kigae. Unajua anachowaza. Ni ile deposit yako.

Sasa fanya jambo moja kabla hujamtukana aliyekuuzia. Liokote hilo gurudumu ulizungushe kwa kidole. Mara nyingi utakuta linazunguka vizuri kabisa. Gurudumu halijaharibika. Kilichoharibika ni shimo lililokuwa limelishika.

Hapo ndipo mambo huharibika kwa fanicha nyingi za kukokota tunazonunua mtaani: vitanda vya bedsita, meza za vinyozi, toroli za saluni, rafu za vitabu, hata viti vya ofisi vya mtumba. Tunapochagua, tunaangalia gurudumu. Je, linang'aa? Ni la mpira? Lina breki? Wachache huuliza limeshikwa na nini, na likitaka kutolewa litatoka vipi.

Na kutolewa ni muhimu kwa sisi wa kupanga. Kitanda chenye magurudumu ni raha siku ya kufagia, lakini usiku hutaki kitanda kinachosafiri kila unapogeuka. Kabati lililojaa nguo likiwa kwenye magurudumu, na mtoto avute mlango, ni hatari. Kwa hivyo gurudumu bora kwa keja ni lile linaloingia siku ya kuhama au ya usafi, na linalotoka siku nyingine zote. Shida ni kwamba mengi tuliyo nayo yanatoka yasipotakiwa, na yakitakiwa kutoka yanang'ang'ania hadi ulete bisibisi na nyundo.

Geuza kiti cha ofisi kilicho karibu nawe, uone. Kila gurudumu lina kijiti cha chuma kinachoingia kwenye mguu. Tukiite shina. Kwa viti vingi vya ofisi shina hilo lina unene wa milimita 11 na urefu wa milimita 22 hivi. Viti vya IKEA vina shina la milimita 10, ndiyo maana ukinunua magurudumu ya viti vya kawaida hayaingii kwenye kiti cha IKEA cha mtumba, nawe unabaki ukidhani umeuziwa feki. Karibu na ncha ya shina kuna pete nyembamba ya springi. Ukilisukuma ndani, pete inabanwa, na msuguano wake ndio unaozuia gurudumu lisianguke unapoinua kiti.

Wazo hili ni zuri likiwa kwenye plastiki au chuma kilichotengenezwa kwa vipimo kamili. Ila sisi tumelichukua tukalipeleka kwenye mbao. Fundi anatoboa shimo kwenye ukingo wa MDF au chipubodi, anagonga kikombe cha plastiki ndani, anagonga gurudumu, kazi imeisha. Bodi hizo ni nyuzi au chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Zikibanwa kutoka juu zinavumilia. Zikisukumwa kutoka upande, hasa karibu na ukingo, zinapasuka kama biskuti.

Na hicho ndicho kilichotokea kwenye kizingiti. Tuseme kutoka sakafuni hadi chini ya mguu wa kabati ni milimita 65, na shina limeingia milimita 22 tu. Gurudumu limekwama na wewe unasukuma. Shina linageuka kuwa mtaimbo. Kwa kila nguvu ya kilo 10 inayokwama pale chini, mdomo wa shimo unabeba karibu kilo 40. Ungechimba shimo refu zaidi, shina liingie milimita 60, mdomo huohuo ungebeba karibu kilo 21. Kusukuma ni kuleule, kabati ni lilelile, lakini mzigo kwenye mbao umepungua karibu nusu kwa sababu tu shina limerefushwa.

Ukilitazama vizuri, shina la gurudumu la kuchomoa lina kazi tatu. Linabeba uzito unaoshuka. Linazuia gurudumu lisiyumbe upande. Linazuia gurudumu lisianguke fanicha ikiinuliwa. Ile pete ya springi na lile shimo fupi vinapewa kazi ya pili na ya tatu kwa pamoja, na kwenye mbao uzito nao mara nyingi unaishia kukalia kikombe cha plastiki. Ubunifu unaofaa unagawa kazi hizo, kila moja ipate kifaa chake.

Kabla hatujafika huko, acha nikuonyeshe wazo ambalo karibu kila mtu hulipata kwanza, mimi nikiwemo. Ni balbu. Kenya tuna balbu za skrubu na balbu za pini. Ile ya pini unaisukuma juu, unaizungusha kidogo, inashika. Kwa nini tusifanye gurudumu hivyo? Unasukuma, unazungusha, limefunga. Siku ya kutoa unasukuma tena, unarudisha. Hakuna bisibisi.

Linavutia, lakini lina kasoro unayoweza kuiona hapo ulipo kama una balbu ya pini juu ya kichwa chako. Balbu inaning'inia. Springi ndani ya holda inaisukuma chini ili pini zake zikae kwenye vijishimo. Gurudumu nalo halining'inii. Fanicha inalikalia, kwa hivyo uzito wenyewe unalisukuma juu, ndani ya holda. Hiyo ni sawa na mtu aliyeshikilia balbu yako juu siku nzima: pini zimetoka kwenye vijishimo na ziko huru kuzunguka. Na gurudumu linapogeuka huku na kule sakafuni, linalizungusha shina nalo kidogokidogo. Litajifungua lenyewe polepole, wala hutajua hadi uinue kitanda na lidondoke kwenye kidole chako cha mguu. Anayetaka kutumia mtindo wa balbu ni lazima achonge njia ya pini kwa namna ambayo ikisukumwa juu haiwezi kuzunguka. Inawezekana, lakini si kazi ya kufanyia kwenye kibanda cha kuchomelea.

Kwa hivyo turudi kwenye kitu ambacho mtu wa mkokoteni anakijua tangu zamani: pini inayopita katikati.

Chukua gurudumu lenye tundu juu badala ya lenye shina fupi lililokwishawekwa. Yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya vyuma. Pitisha bolti ya M12 kutoka chini, ile yenye nyuzi mwili mzima, urefu karibu milimita 100 kulingana na unene wa kichwa cha gurudumu lako. Weka washa pana na nati juu, ukaze. Nati na washa hiyo sasa ni bega. Sehemu ya bolti iliyobaki juu ya bega, milimita 60 hivi, ndiyo shina lako jipya.

Upande wa fanicha, mwambie fundi wa kuchomelea akatie kipande cha bomba la chuma linalomeza bolti hiyo bila kucheza, akichomelee kwenye bamba lenye matundu manne ya skrubu. Bomba linaingia kwenye shimo la mguu wa mbao, bamba linakaa chini ya mguu na kufungwa kwa skrubu. Mguu wa milimita 50 kwa 50 unatosha. Bega la gurudumu linakutana na bamba, chuma kwa chuma, na uzito wote unapita hapo. Bomba refu linashughulikia kuyumba. Yamebaki mambo ya kuanguka. Toboa tundu dogo kutoka ubavuni mwa mguu, lipite kwenye bomba na kwenye bolti, karibu na ncha ya juu. Ingiza pini ya milimita 4 yenye pete ya kuvutia.

Uzuri wa pini hiyo ni kwamba haibebi kabati. Kabati limekaa kwenye bega. Pini inabeba uzito wa gurudumu peke yake, pale tu unapoinua fanicha. Gurudumu la mtu mzima kabisa la ukubwa huo halifiki hata uzito wa pakiti ya unga. Ndiyo maana pini nyembamba inatosha, na ndiyo maana inatoka kwa kidole. Ila tundu la kwenye bolti lazima liwe pana kidogo kuliko pini. Ukilibana sawasawa, uzito utaanza kuikalia pini badala ya bega, itapinda, na utarudi kwenye nyundo na bisibisi.

Vitanda vya chuma ni rahisi zaidi, kwa maana mguu wenyewe ni bomba la mraba. Ile kofia ya plastiki inayosukumwa chini ya mguu ndiyo mahali pa kung'oa na kuweka bomba la ndani lililochomelewa. Makabati ya MDF yasiyo na miguu ndiyo shida. Usikubali fundi atoboe ukingo wa bodi, hata akuapie. Mwombe atengeneze fremu ya mbao halisi, saiprasi inatosha, kabati liikalie, na mabomba yawe kwenye pembe za fremu.

Kuna jambo la gurudumu lenyewe, na hapa nitarudi kwenye kile kizingiti kwa sababu ndicho kilichotuponza. Tuseme kizingiti kina kimo cha milimita 10, na kila gurudumu limebeba kilo 20. Gurudumu la milimita 40, lile dogo linalopendwa kwa sababu halionekani, linahitaji nguvu ya karibu kilo 35 ili kupanda hapo. Ndiyo, nguvu kubwa kuliko mzigo linaoubeba. Gurudumu la milimita 75 linahitaji karibu 19. La milimita 100 linataka 15. Kila ukiongeza kipenyo, kizingiti kinafupika machoni pa gurudumu. Ikiwa magurudumu yako yanatolewa na kuhifadhiwa chini ya kitanda baada ya kuhama, basi huna sababu ya kuogopa makubwa eti yanaharibu sura ya fanicha. Hiyo ni faida ya kuchomoa ambayo watengenezaji wengi hawajaitumia: wanaweka magurudumu madogo kana kwamba yatakaa hapo milele.

Hesabu nyingine inayokosewa ni ya uzito. Dukani kila gurudumu huwa na kiwango cha kilo linachobeba. Kabati pamoja na nguo ni kilo 120, una magurudumu manne, kwa hivyo kilo 30 kila moja, sivyo? Sivyo. Gawanya kwa tatu. Sakafu zetu hazijanyooka, na kuna wakati gurudumu moja litakuwa hewani huku mengine yakibeba kila kitu. Nunua la kilo 40 kwenda juu.

Kuhusu mpira au plastiki ngumu, wazungu wana kanuni rahisi kwenye kiwango cha Ulaya cha magurudumu ya viti vya ofisi, EN 12529. Aina H ni ngumu, ya kutumiwa kwenye zulia. Aina W ina mpira laini kwa nje, ya kutumiwa kwenye sakafu ngumu. Keja nyingi za Nairobi ni simiti au vigae, lakini magurudumu yanayouzwa kwa bei poa ni yale magumu meusi. Yanapiga kelele, yanateleza, na yanakwaruza kigae chembe ya mchanga ikinaswa chini yake. Jirani wa chini anaijua kelele hiyo hata kama wewe umeizoea.

Na kama una saluni, au dadako anayo, tayari umekuwa ukingoja nifike kwenye nywele. Toroli ya rasta, stuli ya msusi, meza ya kucha: magurudumu yake yote hula nywele. Nyuzi za rasta ni ndefu, ni za plastiki, haziozi na hazikatiki kirahisi. Zinaingia kati ya gurudumu na uma wake, zinajiviringisha kwenye ekseli, zinakazana, hadi gurudumu linaacha kuzunguka na kuanza kuburutwa. Upande mmoja unalika, linakuwa bapa. Baada ya hapo msusi anavuta stuli kwa mguu siku nzima, mgongo umepinda, na jioni anasema ni uchovu wa kazi.

Hapa gurudumu la pini ni zaidi ya anasa. Vuta pini, gurudumu liko mkononi, chukua wembe, kata nywele, rudisha. Dakika chache kila wiki kabla ya kufungua. Kwa lile la pete ya springi ungehitaji kulala sakafuni ukilipigania, kwa hivyo hakuna anayefanya. Jambo moja tu la kuangalia unaponunua: tafuta gurudumu ambalo ekseli yake ni bolti na nati, si ile iliyopondwa kwa nyundo pande zote mbili. La kupondwa halifunguki, nywele zikikazana ndani umelizika. Breki nayo iwe ile inayofunga mzunguko na pia kugeuka. Breki inayofunga gurudumu pekee huacha stuli ikicheza huku na huku, na mteja mwenye kisu cha nyusi karibu na jicho hapendi mchezo huo.

Unaweza kusema haya ni mambo madogo ya kumpotezea mtu wikendi. Mwaka wa 1876, mwezi Machi, Mmarekani mweusi wa Washington, D.C., David A. Fisher, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa gurudumu la fanicha. Miaka kumi na moja tu ilikuwa imepita tangu utumwa ukomeshwe nchini Marekani. Magurudumu ya fanicha yalikuwepo kabla yake. Hakuvumbua gurudumu. Aliboresha kitu ambacho kila mtu alikuwa akikisukuma tayari.

Hapa Kenya hataza kamili hudumu miaka 20 na inahitaji uvumbuzi usio wa wazi kwa mtaalamu. Pini inayopita kwenye bolti haiwezi kufika hapo, tusidanganyane, ni ya zamani mno. Lakini sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 ina mlango mwingine, cheti cha miaka 10 kinachotolewa kwa maboresho madogo, mradi yawe mapya na yaweze kutengenezwa viwandani. Kinashughulikiwa na KIPI, ambao ofisi zao ziko South C, Nairobi. Ukibuni kishikio chako, tuseme kimoja kinachotoshea shina la milimita 10 na la 11 bila kubadilisha kitu, au bamba linaloweza kufungwa chini ya MDF bila kupasua ukingo, waulize kwanza kabla ya kuposti video TikTok. Jambo likishaonekana na dunia nzima, kuthibitisha kwamba ni jipya kunakuwa kazi nyingine.

Na soko? Msee, angalia tu mwisho wa mwezi unaokuja. Hesabu pikapu na mikokoteni iliyobeba vitanda kwenye barabara ya mtaa wako. Kila mmoja wa hao anahitaji magurudumu manne kwa siku moja tu, kisha hayahitaji tena hadi kodi ipande. Kama vishikio vingekuwa tayari kwenye miguu ya vitanda, na vyote vikiwa vya kipimo kimoja, magurudumu yenyewe yasingehitaji kununuliwa. Yangekodishwa, kama tenti na viti vya sherehe. Kijana mwenye seti kumi za milimita 100 na simu ya kupokea pesa angekuwa na kazi kila tarehe 30. Kikwazo ni hicho kipimo kimoja. Mafundi wa Gikomba, wa Ngong Road na wa Kariobangi kila mmoja ana drili yake na shimo lake.

Kwa sasa anza na kitanda chako. Kilaze ubavu, pima shina la gurudumu kwa rula, angalia limeingia milimita ngapi, na tikisa kila mguu uone ni upi unaolia. Ukienda kwa fundi, nenda na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, pamoja na gurudumu lenyewe mfukoni. Atakuuliza kwa nini unataka bomba refu hivyo. Mwonyeshe lile shimo lililopasuka.